Sauti ya Papa

Nsukka, 4 Februari

Kwako Ugonma mwanangu,

Hujambo huko Lagos? Huku vumbi la jangwani limetukausha midomo, lakini tunapumua. Kidonda cha upasuaji wa koo kimefunga. Daktari anasema sauti ndiyo haitarudi tena, basi nimezoea kuandika na kupiga makofi. Dada yako amejifungua salama, mtoto wa kike, ana mapafu ya mpiga baragumu.

Nina shida. Unakumbuka nyimbo na hadithi zangu za Kobe, zile alizohifadhi kaka yako kwenye tovuti ya mafaili baada ya kanda kuoza kwa mvua? Nilikuwa nawafungulia wanakwaya wasikie zinavyoimbwa. Sasa nikifungua naona maandishi mekundu: IMEFUNGWA, MAHARAMIA WA FILAMU. Mimi ni haramia wa filamu gani? Wewe unafanya kazi na hao wanaofungisha tovuti. Niulizie, nimwandikie nani?

Babako.

*

Lagos, 13 Februari

Shikamoo Papa,

Hongera kwa mjukuu. Mimi mzima wa mwili tu.

Kampeni ile ya kufunga tovuti za wezi wa filamu ni yetu. Watayarishaji wa filamu ndio waliotulipa. Mimi nachora mabango. Tovuti huzichagua wengine. Nilimwendea bosi, Bwana Ayotunde. Nikamwambia, "Mle ndani mlikuwa na vitu vya watu pia."

Akacheka. "Ugonma, ukichoma kichaka chenye nyoka, unahesabu panzi?"

"Panzi mmoja ni baba yangu."

"Basi mpe pole mzee. Sisi tulilipwa kufunga, tumefunga."

Ofisi nzima ikacheka, Papa. Nimekuandikia chini anwani ya malalamiko. Fanya haraka, mafaili yamo kwenye mitambo ya ng'ambo na mwenye tovuti hana tena cha kuilipia, itafutwa wakati wowote.

Bintiyo.

*

Nsukka, 9 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Uji unapita vizuri kooni, okpa yetu ya njugu mawe bado.

Nimeandika mara tatu. Nimejibiwa mara moja: "Asante kwa kuunga mkono filamu za nyumbani." Nilicheka mpaka mabega yakauma, na hakuna aliyesikia.

Usiwachukie wote. Wizi upo. Jirani yetu Okwudili alitengeneza filamu, ikasambaa bure kabla hajauza hata moja, akaishia kuuza nyumba. Lakini aliyelipwa kufunga mlango wa watu, si angebisha hodi kwanza? Na aliyemlipa, si angemuuliza amefunga nini?

Ukishindwa mengine, nitafutie wimbo niliomwimbia mama yako siku tulipomzika. Ubeti wa tatu umenitoka. Wanakwaya nao hawaukumbuki.

Babako.

*

Lagos, 30 Machi

Shikamoo Papa,

Sijui nianzie wapi. Pole kwanza.

Juzi watayarishaji walikuja kuletewa taarifa. Bosi akaonyesha picha za sherehe na fulana za kampeni. Nikasimama, nikawaambia wakubwa wetu, "Tuambieni mle ndani mlikuwa na nini, na nani alikagua."

Bosi akafoka, "Keti!"

Mama mmoja mtayarishaji, Madam Ebelechukwu, akasema, "Mwache. Mimi nilitoa pesa nikidhani mnafukuza wezi. Mjibuni."

Bosi akakiri, Papa. Hakuna aliyekagua. Watayarishaji wamekataa kulipa kilichobaki mpaka waletewe hesabu ya kila kilichofungwa. Mimi nimefukuzwa jioni ileile.

Madam mwenyewe alimpigia mwenye tovuti. Mitambo ilikuwa imeshafutwa wiki iliyotangulia. Yote. Wimbo wa Mama pia.

Nimepekua simu yangu yote. Nimepata ujumbe mmoja tu wa sauti, wa kabla ya upasuaji. Huimbi. Unanigombeza kwa kutopokea simu, halafu unauliza kama nimekula.

Nisamehe kwa kukuletea habari hii.

Bintiyo.

*

Nsukka, 5 Aprili

Ugonma,

Barua yako nimeisoma nikiwa peke yangu, kisha nikaenda kukaa kaburini kwa mama yako. Nilijaribu ule ubeti kwa midomo tu. Haukuja.

Sina cha kukusamehe. Ulisimama mbele yao.

Rudi nyumbani kwa Pasaka, na huo ujumbe usiufute. Mjukuu wangu hajawahi kunisikia. Tutamwekea sikioni. Afadhali ajue kwamba babu yake alikuwa na sauti, na kwamba aliitumia kuuliza kama watoto wamekula.

Babako.