Pikapu Inakataa Mlima na Mume Wangu Hajui

Mpendwa Shangazi wa redioni, nakuandikia mtoto kalala mgongoni, kwa hiyo nisamehe mwandiko, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi maana nimebanwa kotekote. Mume wangu yuko kambi ya barabara hadi mwisho wa mwezi, kaniachia pikapu yetu ya mtumba, ya otomatiki, nisombe viti vya kukodisha kwenye shughuli za watu, na kunifundisha alinifundisha mwenyewe, jioni baada ya jioni, mpaka majirani wakachoka kucheka. Sasa wiki ya tatu hii ikishapata moto inanigomea, naweka gia ya D inakaa kwanza kama inawaza, halafu inashtuka ndiyo iende, na mlimani injini inanguruma tu lakini gari halisogei, juzi nilirudi nyuma na viti mia mpaka watu wakaniwekea mawe kwenye magurudumu.

Fundi wa jirani, tunamwita Daktari, alizunguka nayo mara moja akasema giaboksi imekufa, Jumamosi anaishusha yote. Nikamwambia oili ipo, napima kila asubuhi kabla sijawasha, kama mume wangu alivyonionyesha kwenye injini, na ya giaboksi naipima vilevile, kijiti chake cha kupimia kinaonyesha imejaa. Akanijibu, "Mama, wewe pima uji wa mtoto." Mama mkwe hanisemi mimi, anamsema mjukuu, eti mama kamaliza gari na yeye anamaliza sakafu, kwa sababu kila siku anakuta matone mekundu tunapoegesha na anaamini ni juisi ya mtoto, nami nachukua tambara nafuta.

Mume akipiga simu namwambia gari ni zima. Shangazi, naogopa atanipokonya ufunguo, na hii ndiyo kazi ya kwanza niliyowahi kuiweza. Bado nina imani haijafa, asubuhi ikiwa baridi inakwenda vizuri kabisa. Nimwache fundi aifungue kimya kimya, au niseme?

Mama wa Viti

Mama wa Viti,

Pole, mwanangu, na mtoto aombwe radhi. Hakuna juisi inayomwagika mahali pamoja kila siku. Oili ya giaboksi ya otomatiki mara nyingi ni nyekundu. Pikapu yako inavuja.

Kijiti nacho umekiuliza wakati usiofaa. Injini hupimwa ikiwa imezimwa, sawa. Lakini giaboksi nyingi za otomatiki, ukizima gari oili hushuka yote chini, ukipima unaona imejaa kumbe imepungua. Nimemuuliza fundi ninayemwamini, akasema hata madereva wakongwe hukosea hapo.

Kwa hiyo kesho endesha robo saa barabara tambarare, bila kiti hata kimoja. Simama pasipo mwinuko, vuta breki ya mkono, mtoto abaki na bibi yake. Kanyaga breki, pitisha gia zote polepole, rudisha P, na injini ikiwa bado inawaka ndipo uchomoe kijiti, ufute, urudishe, uchomoe tena. Ikiwa imepungua na bado ni nyekundu, ongeza kidogo kidogo aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, nyingine usiguse, kisha fundi azibe panapovuja. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, usiendeshe. Mtafute fundi wa giaboksi, apime kwanza kabla ya kushika spana. Daktari mwambie Jumamosi asije. Hakuangalia hata kijiti, ametangaza msiba.

Sasa nikugombeze. Kupanda mlima na viti mia kwenye gari linaloteleza, na nyuma yako kuna watu, usirudie hata siku moja. Na kumficha mumeo wiki tatu ni utoto. Mtu aliyevumilia jioni zote zile akikufundisha hakuwa na nia ya kukupokonya ufunguo. Tena ya giaboksi alisahau kukuonyesha, kwa hiyo kosa mnagawana.

Mpigie kesho ukishapima, hata kabla hujanawa mikono. Usianze kwa kulia. Mwambie oili umeikuta wapi kwenye kijiti, ina rangi gani, inavujia upande upi. Halafu muulize gari mlipeleke kwa fundi gani. Hivyo ndivyo wenye gari wawili wanavyozungumza.