Jina la Mpishi

Jumatano, 2 Machi 2016

Msiba kikundini leo. Kikundi chetu cha Watsapu, "Kismayu ya Zamani". Wazee tumebaki wachache, waliobaki ni watoto na wajukuu, Toronto, London, Nairobi, hapa Dubai. Tunaandikiana Kisomali toka alfajiri. Nani alikuwa na duka nyuma ya msikiti, nani alimkimbia mkewe na kwa nini. Upuuzi mtamu. Siku zangu nyingi sasa zinapita humo.

Amefariki Haji Barre, Toronto. Jibril, mwenye kukiendesha kikundi, yeye yuko Sharja, akauliza upesi: mama yake marehemu aliitwa nani? Wanalitaka jina kwa ajili ya talkini. Maiti pale kaburini haitwi kwa baba. Huitwa kwa mama — ewe fulani, mwana wa mwanamke fulani. Mwanawe akajibu papo hapo. Jina likaja, na dua zikamiminika nyuma yake.

Mimi nikaiweka simu chini.

Siku yangu watamuuliza Guled, mwanangu. Atasema Dahabo. Hatasita hata kidogo. Na Dahabo hakunizaa.

Alhamisi, 3 Machi 2016

Sikulala vizuri. Miguu imevimba tena. Daktari wa Kihindi anasema moyo umechoka na maji yanapanda mapafuni. Hakutaja muda, nami sikumuuliza.

Basi liandike, mzee. Hapa hapa. Sahra, mke wa mwanangu, ni wa Bosaso, Kiswahili hakijui. Guled anakijua, lakini Guled hata risiti hasomi.

Mama yangu ni Zeinabu. Alikuwa mpishi nyumbani kwa Mzee Ilmi, mfanyabiashara wa ngozi na samli. Alitoka vijiji vya mto Juba, kwa watu wanaosema Kizigua, ambao babu zao waliletwa huko utumwani kutoka upande wa Tanga. Wasomali wenzangu — nasema wenzangu, mkono umeandika wenyewe — huwaita watu wa nywele ngumu. Kwa hao hawaposi, wala hao hawawaozeshi.

Mzee Ilmi na mkewe Dahabo hawakupata mtoto. Walinichukua mimi, mtoto wa jikoni. Nilikuwa Mberwa, nikawa Nuru, mwana wa Ilmi. Akanipa na abtirsi yake, ile orodha ya baba na baba wa baba mpaka kwa mkuu wa ukoo, ambayo mtoto wa Kisomali huijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Alinifundisha kila asubuhi, fimbo mkononi. Tukahamia Garisa mahali ambapo hakuna aliyenijua. Mama akaja nasi. Kama mpishi. Nikamwita Zeinabu, kama kila mtu alivyomwita, hadi tukamzika.

Mke wangu alikufa hajui. Guled hajui.

Nimeyaona maneno kwenye karatasi nikaogopa kama mwizi. Nimeufunga mlango.

Ijumaa, 4 Machi 2016

Balaa! Au furaha, mimi nisemeje. Ifrah, mjukuu wangu, anaposwa. Kijana ni mpwa wa Jibril yule yule. Wanakuja Ijumaa ijayo baada ya Alasiri. Sahra ameshaanza kuhesabu vikombe.

Jibril akanipigia mwenyewe. Maalim, anasema, tunakuja kuisikia abtirsi kutoka kinywani mwako! Kijana wetu anaijua yake mpaka juu, msije mkatuaibisha. Akacheka. Nami nikacheka. Nikamwambia walete mtu wa kuwasaidia kufuata, maana yetu ndefu.

Hivyo ndivyo nilivyo. Kikundini mimi ndiye hakimu wa koo. Wakibishana nani mwana wa nani, huniita. Mtu aliyezaliwa na jina lake anaweza kulisahau kidogo. Mimi sikuwahi kuthubutu.

Ifrah alikuja kunibusu kichwani, juu ya kofia. Sijawahi kuivua mbele yake. Macho yanamng'aa. Awowe, ananiambia — ndivyo anavyoniita, babu — awowe, usije ukaumwa Ijumaa, nakuomba.

Nikisema, hawatakuja. Nawajua. Nimekaa nao miaka yote wakiwasema watu wa mtoni, na nimecheka pamoja nao. Watamwambia Ifrah hawana neno naye, mtoto mzuri. Kisha hawatapokea tena simu zetu.

Nisiposema, nitalala kaburini nikiitwa kwa mama wa mtu mwingine. Na huyo mtu mwingine hayupo, maana Dahabo hakuwa na mtoto.

Jumapili, 6 Machi 2016

Ya Rabi, nimefanya nini.

Mchana mtu wa London alianzisha mchezo kikundini. Kila mzee atume kwa sauti wimbo aliobembelezewa na mama yake. Wakaanza. Vizee wenye pumu wanaimba kama mbuzi, wajukuu wanacheka, wengine wanalia. Mmoja aliimba kidogo tu kisha akakaa kimya, unasikia feni yake inazunguka.

Nilikuwa nimemeza dawa ya mchana, ile inayonilegeza. Niko kitandani, jua limeingia miguuni. Nikabonyeza nikaimba. Sikufikiri. Nilipoinua kidole ndipo nikasikia nilichoimba. Nyamala, mwanangu — nyamaza. Kizigua! Kizigua chote, mwanzo hadi mwisho wa ninapokumbuka.

Nikaufuta. Haraka. Nikauona umetoweka, nikasema alhamdulillah, nikanywa maji.

Ifrah aliporudi kazini nikamuuliza, kama mtu asiyejali, ukifuta sauti kikundini inakwenda wapi. Akacheka mpaka akakaa. Awowe! Umefuta kwenye simu yako tu. Wengine wote wanayo.

Jumatatu, 7 Machi 2016

Walianza alfajiri.

Wa kwanza: Maalim, lugha gani hii? Wa pili: si Kisomali, si Kibajuni. Kisha bwana mmoja wa Kolambasi, Marekani, simjui, akaandika: hii ni lugha ya watu wa mtoni, baba alikuwa na vibarua wakiisema shambani. Halafu vile vikaragosi vya kucheka, safu nzima. Mwingine: kumbe Maalim umenyonya mtoni! Mwingine: vua kofia tuone!

Utani. Najua ni utani. Jasho limenitoka mpaka shuka imelowa.

Jibril hakuandika kitu. Simu inaonyesha yuko mtandaoni — ameona, amesikiliza. Ningependa zaidi angetukana.

Nikangoja. Mwisho nikaandika: alikuwa mpishi wetu. Yeye ndiye aliyenibembeleza, mama alikuwa mgonjwa.

Mara Jibril akaibuka. Mashallah, Maalim, zamani watumishi walikuwa watumishi kweli! Wote wakapoa. Wakarudi kwenye mabishano yao ya samaki wa Kismayu.

Kila neno nililoandika ni kweli ila moja, na hilo moja ni mama. Uzeeni huku, mguu mmoja uko kaburini, nimemrudisha jikoni.

Jumanne, 8 Machi 2016

Sauti yangu nimeipata tena. Ifrah amenitumia, anasema ni tamu. Nikaiweka sikioni, sauti chini. Haikuwa chini vya kutosha.

Joha aliingia na uji. Joha ndiye anayetupikia, Mtanzania, yuko nasi tangu mwaka juzi. Akasimama mlangoni.

"Babu, nani anaimba Kizigua?"

Nikasema ni Yutyubu.

"Yutyubu gani na kikohozi chako kimo humo humo!"

Akaweka bakuli chini. Kumbe kwao Handeni. Nilijua anatoka Tanga, sikuwahi kumuuliza zaidi — au niliogopa kumuuliza. Akaimba. Sauti nyembamba, mkono kiunoni. Akapita pale ninapoishia mimi, akaendelea! Kuna kipande cha mwisho nilikuwa nimekipoteza: uji uko mekoni, mvua inakuja, nyamala. Bibi yake alimwimbia hivyo hivyo.

"Sasa hiki Kizigua kilifikaje Usomalini, Babu?"

"Kilipelekwa kwa kamba," nikamwambia.

Hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa. Akaniangalia uso, pua, masikio, nami nikageukia ukutani. Nikamwomba asimwambie Sahra, madam wake.

"Mimi niseme nini? Madam akijua naweza kuimba ataniongezea kazi." Akachukua taulo akanipangusa kidevu. "Kunywa uji, mjomba."

Mjomba. Ndugu wa upande wa mama, na punde tu nilikuwa Babu.

Baada ya hapo hofu ikarudi kubwa zaidi. Sasa kuna mtu anayejua, na yuko humu ndani.

Jumatano, 9 Machi 2016

Mvua! Mvua ya Dubai, haijui inapokwenda. Mirdif, mtaa wetu, yote maji, magari yamezimika barabarani, Guled amekwama Deira. Ngurumo mpaka vioo vinatetemeka. Sahra anasoma dua kwa sauti, anaogopa mazulia mapya ya wageni.

Mimi nilikuwa naogopa kufa leo. Pumzi fupi. Nikafikiri, nikifa sasa hivi, katika maji haya, Guled hayupo, nani ataulizwa? Sahra. Sahra atasema Dahabo.

Joha anaimba jikoni. Namsikia hata kwa mvua.

Alhamisi, 10 Machi 2016

Nyumba inanuka udi na sambusa. Sahra amenunua kanzu mpya, imenipwaya mabegani.

Guled alikuja akakaa kitandani kwangu, jambo asilolifanya. Akauliza mbona huli, baba. Nikamshika mkono. Nikasema, Guled, kuna neno. Akaniinamia. Ana macho ya Zeinabu, hajui. Maskini, ana macho yake kabisa.

Simu yake ikalia. Jibril — anauliza njia ya kuingilia mtaani kwetu kwa sababu ya maji. Wakaongea, wakacheka, mkono wake bado uko mkononi mwangu. Alipomaliza akasema, ndiyo baba, neno gani?

Nikasema kanzu imenipwaya.

Ijumaa, 11 Machi 2016

Wamefika. Nawasikia sebuleni, sauti ya Jibril juu ya zote. Guled amewaambia wanywe chai kwanza, mimi nitaletwa. Nimeshavaa. Fremu ya kutembelea iko mbele yangu. Naandika huku nikingoja.

Abtirsi nimeipitia yote. Haina doa. Nikiisema leo itasimama juu ya Ifrah maisha yake yote.

Joha amepita na sinia ya chai. Sikusikia vyombo tu. Anaimba! Chini chini, kama mtu asiyejua kuwa anaimba. Nyamala, mwanangu. Moja kwa moja mpaka sebuleni.

Kimya kule.

Kisha kicheko cha Jibril. Maalim! — anapaza sauti ili nisikie kupitia mlango — kumbe yule mpishi mmemrudisha! Wote wakacheka. Nikasikia vijiko vikianza tena. Nikapumua.

Sasa hivi Ifrah amefungua mlango. Hina imemkolea mikononi, amependeza mno. Anatabasamu. Awowe, Adeer Jibril — ami, ndivyo anavyomwita — anaupenda ule wimbo, ameusambaza kwa ndugu zake wote. Anauliza, yule mpishi wenu wa zamani aliitwa nani?

Nikaitazama fremu. Akadhani sikusikia, akarudia karibu na sikio langu.

"Zeinabu," nikasema.

Sijui mara ya mwisho nililitaja lini jina hilo. Akageuka kwenda kuwaambia. Nikamwita.

"Ifrah. Lishike jina hilo."

"Nitalishika, awowe."

"Lishike vizuri. Siku ya kunizika babako ataulizwa jina. Atasema jingine. Wewe umwambie hilo."

Akacheka kidogo. Wanaulizaga jina la mama, awowe, si la mpishi. Kisha kicheko kikakatika chenyewe. Akanitazama. Nikavua kofia, nikaiweka mapajani.

Kule sebuleni Guled anaita. Baba! Wageni wanakungoja!

Ifrah hajaitika. Ameurudisha mlango taratibu akaketi kitandani, kando yangu, mikono ameikunja ili hina isinichafue kanzu. Kwa nini jina la mpishi, awowe? Nimemwambia anipe dakika moja niandike. Amesema sawa. Bado anaangalia nywele zangu. Sebuleni wanaita tena —