Wahisha Mafuta

Themi, 4 Agosti 1913

Kaka Sumari,

Shikamoo. Sisi wazima, mama naye mzima, ila goti linamsumbua. Najua hutaki hata kuona mwandiko wangu, tangu nilipokusema kwa bwana ukafukuzwa, mimi nikapewa injini yako. Sikuandikii kwa mapenzi. Injini inagonga kama nyundo, na nikizungusha gurudumu kuiwasha inarudi nyuma kwa nguvu. Kahawa imeiva inangoja kumenywa, na bwana ameapa injini ikisimama nitakula kiboko mbele ya vibarua. Ile skrubu ya pampu, inayoamua mafuta yaingie mapema au yachelewe, niigeuzie wapi?

Mdogo wako,
Elisaria

Moshi, 11 Agosti

Elisaria,

Marahaba. Mimi mzima, reli inanilisha. Ulijifanya fundi mbele ya mzungu, leo unanililia mimi! Huna haya hata kidogo. Haya, sikia: wahisha mafuta. Geuza skrubu kuelekea gurudumu, basi. Usiniandikie tena.

Kaka yako,
Sumari

Themi, 25 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Anaandika mke wangu Lydia, mimi nasema tu. Niliwahisha mafuta kama ulivyoniagiza. Nikashika gurudumu, injini ikapiga kinyume, ikanivunja mkono wa kulia. Daktari wa misheni anasema hautanyooka tena. Bwana ameshaweka mtu mwingine. Tangu utoto sijawahi kukutii, kaka. Nimekutii mara hii moja. Umefurahi?

Mdogo wako,
Elisaria

Moshi, 30 Agosti

Mdogo wangu,

Pole. Pole sana. Nani alikuambia unitii? Nikisema ng'ombe tuwapandishe mlimani, wewe unawashusha mtoni. Maisha yako yote ni hivyo! Injini ilikuwa inapata mafuta mapema mno, ilitaka kucheleweshwa. Nilijua nikikuambia chelewesha, utadhani nakutega, utawahisha. Ndiyo maana niliandika kinyume, ili ufanye kinyume, upone. Mungu ananiona. Hasira nawe ninayo mpaka leo, lakini mkono wako sikuutaka. Nikipata ruhusa nakuja. Najua utanikataza, nitakuja tu.

Kaka yako,
Sumari

Themi, 6 Septemba

Sumari,

Nimeandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Usije. Neno hilo sikuligeuza.

Elisaria