Chui Hakujua Kwamba Amepigwa

Baba,

Nimekaa hapa kibandani kwangu, upande huu wa Kenya, na cherehani imenyamaza kwa sababu mvua imewafukuza watu sokoni. Nimeona nikuandikie. Ulipokuwa hai sikukuandikia hata mara moja, maana kutoka Busia hadi kwako Sikuda, ng'ambo ya Uganda, nilikuwa nakwenda kwa miguu na kufika kabla barua haijagongwa muhuri. Sasa sina njia nyingine.

Nikuambie kwanza nilivyo. Sijalia. Matangani watu walinitazama wakingoja, shangazi wakanishika mabega, na mimi nikauliza kama maji ya kunywa yanatosha. Tulipokuaga nilikuwa naangalia mshono wa koti lako, bega la kulia, ulikuwa umeanza kuachia. Nikawaza kwamba ningepewa nafasi kidogo ningeurudia. Hicho ndicho nilichowaza, Baba. Nakula, nalala, napima watu viuno na kuwashonea. Mume wangu anasema nina moyo mgumu. Sijui kama ni mgumu. Sisikii kitu.

Nyumbani kwako kupo. Mbwa amehamia kwa jirani. Kofia yako ya jeshi iko kwenye msumari ule ule, Mama hataki mtu aiguse. Na wifi Taaka amejifungua mtoto wa kiume, siku chache baada ya kukuzika. Hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Kaka Egesa alitaka mwanawe aitwe Sanya, jina lako. Angeitwa nani mwingine? Lakini baba mdogo Were alikataa mbele ya watu wote. Alisema jina la mtu aliyekosa shabaha siku yake ya mwisho hapewi mtoto, litamletea mkono wa kutetemeka. Wazee wakaguna kukubali. Kwani ndiyo habari iliyokuwa imeenea toka Masafu mpaka Tororo: kwamba mzee Sanya aliyepigana Burma, aliyepewa bunduki ya serikali alinde mifugo ya watu, alimkosa chui aliyekuwa karibu kama mlango na jiko. Wengine waliongeza kwamba ulikuwa umekunywa.

Aliyesimulia ni Ofumbi, yule Mjapadhola aliyekusindikiza na mkuki wake. Simchukii. Alikutoa kwenye makucha, akamchoma chui, akakubeba mgongoni hadi barabarani. Alisema alichokiona, kwa Kiswahili chake cha kubahatisha: "Mzee nakosa. Bunduki nalia, chui nakuja tu, kama hakuna kitu." Chui akakimbilia kwenye mtama, na wanawake waliokwenda kupalilia wakamkuta amekufa. Sifa zikaenda kwa mkuki. Wewe ukawa umelala hospitalini Tororo, huwezi kusema neno, na ukafa hivyo hivyo, bila kujitetea.

Mimi sikuamini. Nilikuwa nazikumbuka risasi zako.

Ulikuwa ukizipanga juu ya mkeka na kuzifuta moja moja kwa kitambaa, kama mama anavyofuta vikombe vya wageni. Egesa alikimbilia mpira, mimi nikabaki kusikiliza. Ulinionyesha ile rangi ya zambarau kuzunguka fataki, kile kifuniko kidogo kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti, iliyopakwa ili maji yasipenye kwenye baruti. Ulisema ulilala kwenye matope ya Burma na risasi zako kiunoni, na asubuhi zote zikalia. Fataki yenyewe ngumu kiasi cha kuanguka chini isilipuke, laini kiasi cha kulipuka pini ikiigonga. Na zote sawasawa. Neno hilo ulilivuta, sawasawa, ili Msamia kama wewe achukue risasi mfukoni mwa askari Mnyasa aliyekufa, aitie kwenye bunduki yake gizani, na iingie bila kusukumwa. "Haikuundwa kwa mtu hodari hii," ulisema. "Imeundwa kwa mtu aliyechoka, anayeogopa, mikono yake michafu." Mpaka leo nikishona sare za shule nakumbuka maneno hayo.

Kisha ukanionyesha kichwa cha risasi. Risasi ya mwindaji ina ncha tupu, laini, ikiingia mwilini inafumuka kama pamba na kupasua kila kitu. Ya askari imevishwa koti la shaba mpaka nchani. Haikwami ikiingia kwenye bunduki, wala haifumuki nyamani, na wakubwa wa mataifa walikubaliana iwe hivyo. Inaingia kwa tundu dogo, na mara nyingi inatokea kwa tundu dogo. Nilikuuliza inafaa nini sasa kama haiui vizuri. Ulicheka sana. Ukasema vita haihitaji mtu afe, inahitaji aache kupigana. "Mtu akipigwa, anajua amepigwa. Anakaa chini, anamwita mama yake, na wenzake wanaweka bunduki wambebe. Mnyama hajui. Mnyama anakuja tu."

Basi ulijua, Baba. Ulijua kuliko wote. Mama ameniambia ulikwenda ofisi ya serikali kuomba risasi za kuwindia, ukaambiwa zimekwisha, ukapewa za jeshi zilizobaki. Na ulirudi nazo ukitabasamu, kama mtu aliyekutana na rafiki zake wa zamani. Si ungengoja? Chui angekula mbuzi wa watu wawili watatu zaidi, basi, mbuzi huzaa wengine. Nilikukasirikia sana. Hasira hiyo ndiyo kitu pekee nilichosikia tangu ufe.

Nilikwenda kwa Ofumbi. Ngozi ilikuwa imewambwa juani nyuma ya nyumba, na pale mkuki ulipopita, ubavuni kwa nyuma, palikuwa pamepasuka vibaya. Mimi nikaanza kupapasa mbele, karibu na bega, kama ninavyotafuta palipoliwa na nondo kwenye suti ya mtu. Nikalipata. Tundu dogo, hata kidole changu cha mwisho hakikupita. Nikapapasa upande wa pili. Tundu jingine, dogo vile vile, manyoya yamelifunika. Ofumbi alidhani kisu kiliteleza wakati wa kuchuna. Nilipomweleza, aliivua ngozi kwenye vigingi vyake akaikunja. "Basi mzee napata," alisema. "Mimi naharibu jina ya mzee." Akaibeba mwenyewe kichwani mpaka Sikuda.

Wazee walikuwa wamekuja kumaliza shauri la jina. Tuliivisha ile ngozi juu ya kapu kubwa la kuvunia, mgongo juu, jinsi chui mwenyewe alivyokuwa ameivaa. Nikachukua sindano ya magunia na uzi mwekundu. Nikaiingiza kwa tundu la kwanza, nikaipitisha katikati ya kapu, nikaitoa kwa tundu la pili. Uzi ukakaa umenyooka, mahali pale ambapo kila mnyama ana mapafu.

Baba mdogo Were, ambaye mliondoka naye hapa kwenda Burma, aliinama akaushika uzi kwa vidole viwili. Akasema, "Hii ni ya jeshi." Kisha akageukia nyumbani kwa Egesa akapaza sauti, "Mleteni Sanya."

Wakamleta. Alipitishwa mikononi mwa wazee, akafika kwangu. Mzito, Baba, ana masikio yako. Nikawa natazama uzi ule juu ya kichwa chake, nikamwaza chui, kitu kimempita upande mpaka upande na yeye bado anakimbia, anaingia mtamani, anaona yuko mzima tu. Nikawaza maji ya matangani niliyokuwa nikiyaulizia. Nikawaza mshono wa koti lako.

Nilimrudishia Taaka mtoto, nikakaa chini palepale mavumbini mbele ya wazee, nikamwita Mama.

Alikuja. Tulilia mpaka Ofumbi naye akalia.

Mvua imekatika, na kuna mwanamke amesimama mlangoni na kitambaa mkononi, kwa hiyo nakuaga. Sanya akiwa na akili ya kusikia, nitamweleza habari zako zote mbili: kwamba babu yake alipiga palepale alipolenga, na kwamba alipaswa kungoja. La pili nitamwambia kwa upole. Na koti lake la kwanza nitalishona mimi, mabega kwa nyuzi mbili.

Pumzika, Baba. Hukukosa.

Binti yako,
Nabwire