Muhuri Kwenye Pipa la Mchele

Fumika,

Wali umo kwenye jiko la umeme, samaki wako kwenye friji. Kipande cha mkia ni cha mjomba wako, usikiguse. ~~Mjomba Isamu akigonga, usimfungulie.~~

Nina sababu. Asubuhi nimekuta droo iko wazi, na muhuri wa nyumba, huu tunaougonga badala ya saini, una wino mwekundu mbichi. Nikamuuliza, "Isamu, umegonga nini?" Akasema, "Nilikuwa nausafisha tu, dada." Nani anasafisha muhuri alfajiri? Tangu kiwanda kimwachishe kazi na kumtoa kwenye bweni lao, analala kwetu huku anatafuta chumba, na kila mwenye nyumba anataka mdhamini. Nikajua katufanya wadhamini kimya kimya. Baba yako akisikia, patachimbika. Nikauficha muhuri kwenye pipa la mchele. Yeye akaondoka bila kula.

Nimerudi ndani kuchukua mwavuli, nikaiona karatasi yenyewe kwenye taka zake, imechanwa. Si ya chumba. Ni fomu ya hospitali, ya kukubali apasuliwe figo kesho. Penye jina la ndugu kaandika langu, kagonga muhuri wetu. Nilivyomuuliza tu, akaichana. Na mimi kaniambia ni mgongo!

Muhuri ninao mkobani. Namfuata hospitali, nikagonge fomu mpya kwa mkono wangu.

Tukipishana njiani, mfungulie. Mpe samaki wake. Halafu funga mlango na uukalie ufunguo, asije akatoroka kabla sijarudi, maana huyo simwamini hata kidogo.

Mama