Samaki wa Krismasi kwenye tangi la Oldřich

Zdeňka, siamini.

Shemeji Radovan kaniletea samaki wa Krismasi, yu hai, kilo tatu. Mimi niko sokoni. Kakuta kwenye hodhi la kuogea, anapokaa samaki kila mwaka hadi siku ya kukaangwa, nimeloweka mapazia. Unajua kamweka wapi? Kwenye tangi la kioo la marehemu mume wangu! Lita sitini! Kichwa kinagusa kioo huku, mkia kule.

Unamkumbuka Oldřich. Miezi mizima akipima maji na kuuliza nani anapatana na nani, ndipo akanunua wale samaki wadogo kumi na wawili, wembamba kama njiti. Ndio alioniachia.

Nikauliza, "Shemeji, wadogo wako wapi?"

"Wamejificha."

"Wamejificha wapi, Radovan? Tumboni?"

Eti, "Samaki kwa samaki ni ndugu, shemeji. Watazoeana."

Ndugu! Yeye na Oldřich, ndugu wa damu, hawakusemezana miaka tisa!

Nimehesabu mara tatu. Wamebaki wanne, nyuma ya jiwe.

Sasa Radovan kakaa jikoni, anauliza kesho nitamkaanga saa ngapi. Zdeňka, nitamlaje? Ana wanane wa Oldřich tumboni.