Mama Cheche, Uliwaambia Nini?

Mwaka umezunguka, Mama, tangu mchana ule ulipojinyoosha kwenye kochi ukasema unapumzisha macho kidogo, nayo yasifumbuke tena. Hukuugua, hukuaga, hukuacha agizo. Tulidhani mwaka ukipita tutakuwa tumeshakulilia tukatulia. Wapi! Baba bado anaamka na swali, na swali lenyewe ni wewe.

Wasiokufahamu watasoma hapa kwamba ulifundisha uchomeleaji katika chuo cha ufundi, na wanafunzi wakakuita Mama Cheche. Mikono yako ilijaa madoa ya kuungua, na kicheko chako kilisikika nyumba ya tatu. Ukipita mtaani ulisimama kwenye mageti ya watu, ukapapasa maungio, ukabisha hodi: "Nani kawachomelea hiki? Mrudishieni, kitawaangukia." Baba anashona nguo barazani, nawe uliwaambia wageni kwamba nyumba hii ina washonaji wawili, mmoja wa vitambaa, mmoja wa vyuma. Mwanafunzi aliyefukuzwa chumba alilala kwetu. Hatukuwahi kujua tuko wangapi humu ndani.

Matanga hayajapoa, mkuu wa chuo akaja. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akatoa pole, akakohoa.

"Chuo kinabadilika, mzee," akasema. "Vijana wanataka umeme wa jua na kompyuta. Karakana kongwe tutaivunja, tujenge jengo jipya palepale. Uchomeleaji utabaki kozi fupi, utafundishwa viwandani. Na marehemu alikubali. Juma lile alilofariki alikaa mbele yangu akasema, 'Vunjeni tu, Mkuu.' Tuna kikao cha wadau. Tungependa uje useme neno kwa niaba yake."

Baba akaitikia. Neno la marehemu halipingwi.

Wiki haikuisha, akaja Mwalimu Randa, yule wa useremala mliyegawana naye ukuta wa karakana.

"Shemeji, kikaoni simama na sisi," akasema. "Mama Cheche aliapa. Aliniambia karakana hii itavunjwa juu ya maiti ya…" Chai ikampalia. Dada yetu mkubwa akampiga mgongoni mpaka akavuta pumzi.

"Aliapa lini?" Baba akauliza.

"Juma lilelile alilofariki."

"Mkuu naye anasema juma lilelile."

"Basi mmoja wetu ni mwongo, na mimi siye."

Baba akarudi kwenye cherehani, akashona mkono wa kulia wa shati mahali pa kushoto, akaufumua, akaushona tena palepale. Mdogo wako akasema dada yake alipenda kumridhisha kila mtu. Dada yetu akamjia juu: "Mama? Huyu aliyemwambia diwani mbele ya watu kwamba geti lake ni takataka?" Wakabishana hadi wakanuniana. Kila mmoja alikuwa na Mama wake, na hao akina Mama hawakufanana. Baba akabaki katikati kama mtu aliyeulizwa njia katika mji asioujua. "Haiwezekani niwe nimeishi na mtu nisiyemjua," alikuwa akijisemea. Halafu: "Au inawezekana?"

Mwishowe akavaa shati safi, akaenda chuoni mwenyewe. Miaka yote ile hakuwahi kutia mguu karakanani mwako. Alidai kelele zinampandisha presha. Alikuta paa limeinama, moshi umetanda hauna pa kutokea, nusu ya mashine zimekufa, na wanafunzi wanakohoa huku wanataniana. Msichana mmoja akainua kinga ya uso.

"Mwalimu alisema humu ndani patatuua," akamwambia.

Mwenzake akadakia, "Na alisema tukikubali kutolewa humu, haturudi popote."

"Sasa alisema lipi kati ya hayo?"

Wakatazamana. "Yote, Baba."

Alipokuwa akitoka, mwalimu wa umeme wa jua akamkimbilia. Ni binti mdogo kwa umri hata kwetu sisi wanao.

"Samahani, Baba. Sijui kama inafaa niseme. Mama alikuwa mwanafunzi wangu."

"Mwanafunzi wako? Wa nini?"

"Wa sola. Alikaa nyuma kabisa, kila Alhamisi jioni."

"Alhamisi alikuwa na vikao."

"Hapana, Baba. Alikuwa kwangu. Hesabu za umeme zilimpiga chenga vibaya. Siku moja alikasirika akarusha kalamu, akatoka. Alhamisi iliyofuata akarudi, akaniomba nisimwambie mtu."

Baba akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya rundo la matofali. Kila Alhamisi alikuwa akikufunikia chakula, akikuonea huruma kwa vikao visivyoisha. Hakujua akasirike au acheke.

"Mbona hakuniambia mimi?" akamuuliza binti yule, kana kwamba angejua.

"Labda aliona haya kufeli mbele yako."

"Mbele yangu? Mimi hata balbu sijui kubadilisha!"

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Mkuu alikaa upande mmoja, Mwalimu Randa upande wa pili, kila mmoja akimtazama Baba kama shahidi wake. Unamjua mumeo, hata harusini kwenu alisemewa na kaka yake. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mniwie radhi," akasema. "Mke wangu alitaka nini, mimi sijui."

Ukumbi ukanong'ona.

"Mkuu aliambiwa vunjeni. Huyu mwalimu aliambiwa haivunjwi. Nami nimesikia la tatu, silisemi hapa. Nadhani hakuna aliyedanganya. Mwenzangu alikuwa bado anafikiri, kifo kikamkuta hajamaliza. Nawaombeni msimmalizie. Anayetaka kuvunja aseme, mimi nataka kuvunja. Asiyetaka aseme, mimi sitaki. Mke wangu mwacheni apumzike."

Akakaa. Mkuu akajifuta jasho, akasimama, akasema kwamba anaogopa: wanafunzi wanapungua, na yeye hataki kuwa mkuu wa mwisho wa chuo kile. Mwalimu Randa akasema naye anaogopa, siku hizi hakuna anayekitaka anachokijua. Baada ya hapo walibishana kwelikweli, mpaka mlinzi akaja akatikisa funguo mlangoni. Wakaafikiana: karakana ibaki, paa liinuliwe na madirisha yafunguliwe; jengo la sola liende ukingoni mwa uwanja wa mpira, na fremu za paneli wazichomelee wanafunzi wako. Walitaka jengo hilo liitwe kwa jina lako. Baba akakataa. "Leo jina, kesho mtasema alitaka rangi ya bluu."

Je, ndivyo ulivyotaka? Wengine humu ndani tunasema ndiyo, wengine tunasema ungekuja juu ukawafukuza wote ukumbini. Baba hasemi. Habari za Alhamisi alitusimulia sisi tu, leo ameturuhusu tuziandike, na bado kila akizisimulia anasimama katikati, anakuna kichwa.

Msingi umeshachimbwa. Juzi tukasikia hodi. Ilikuwa timu ya mpira ya chuo, wamenuna, kiwanja chao kimemegwa. Nahodha akavua viatu mlangoni.

"Shikamoo, Baba. Tumekuja kuuliza. Eti, marehemu alikuwa na msimamo gani kuhusu mpira?"

Baba alimkodolea macho. Kisha akacheka, Mama. Tangu tukuzike hatukuwa tumemsikia. Alicheka mpaka akashika ukuta, kicheko kikageuka kilio, na vijana wa watu wakabaki kizingitini hawajui waingie au wakimbie.

"Ingieni, mkae," akawaambia, akijifuta kwa kitambaa cha suruali ya mteja. "Lake silijui. Niambieni nyinyi mnataka nini."

Wakaingia, na wengine waliokosa viti wakakaa chini.

Unakumbukwa na mumeo, fundi cherehani. Wanao wote na wajukuu. Mdogo wako, ambaye sasa anasalimiana na dada yetu. Walimu wenzako wa pande zote mbili. Yule binti wa sola. Na wale wote waliowahi kulala sebuleni kwetu.

Bado hatujakuelewa, Mama, lakini moyoni hututoki.